Kwa kuwa, na kwa kuwa, kwa hiyo basi: azimio la halmashauri nyingi linaandikwaje?

Mnunuzi wa viazi akibanwa Makete, mkoani Njombe, kwa ajili ya lumbesa, hagombani na mtu. Anageuza fuso, anashika barabara ya Kikondo hadi Isyonje, na akishaingia Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya anajaza magunia yake kama alivyozoea. Gunia likifika mdomoni linaongezewa kichwa kwa kamba na kipande cha gunia jingine, na viazi vinaendelea kupakiwa; hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima wa Makete anabaki na viazi vyake shambani. Msimu haujaisha atampigia simu mnunuzi yuleyule kumbembeleza arudi, na diwani aliyesimama kidete barazani kupinga lumbesa ataonekana ndiye aliyefukuza soko. Wale wa upande wa pili, ambao hawakusema neno, wamekusanya ushuru.

Jambo la aina hii hakuna halmashauri inayoweza kulimaliza peke yake, hata iwe na mkurugenzi mkali namna gani. Ndiyo maana halmashauri zina jumuiya. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na chombo chao cha pamoja ni Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake, ALAT. Ilianzishwa mwaka 1984, kipindi kilekile serikali za mitaa zilipokuwa zinarudi kazini baada ya kufutwa mwaka 1972. Kila mkoa una tawi lake. Tawi la Mbeya linakutanisha Jiji la Mbeya na halmashauri za Mbeya, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Chunya. La Iringa lina Manispaa ya Iringa, Mji wa Mafinga, na wilaya za Iringa, Kilolo na Mufindi. Juu ya matawi kuna Kamati Tendaji na Mkutano Mkuu, ambako mameya, wenyeviti na wakurugenzi wa nchi nzima hukaa ukumbi mmoja.

Wanachotoka nacho ukumbini, ukiacha begi la mkutano, ni maazimio. Na hapo ndipo mambo yanapokwama. Mheshimiwa mmoja anasimama, anaeleza mateso ya mkulima kwa uchungu wa kweli, ukumbi unapiga meza, na katibu anaandika: "Mkutano umeazimia Serikali ikomeshe lumbesa mara moja." Mwaka unaofuata Mheshimiwa huyohuyo, au aliyemrithi, anasimama tena na uchungu uleule. Watu husema Serikali imewapuuza. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi ukiisoma ile sentensi taratibu utaona kwamba hata waziri mwenye nia njema asingejua aifanyie nini.

Azimio la jumuiya lina nguvu gani?

Kwetu azimio lina uzito kwa sababu ya Arusha. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, Februari 5 tamko likatoka, na siku moja baadaye mabenki yakatangazwa kuwa mali ya umma. Chama kile ndicho kilichoshika dola, kwa hiyo kilichoazimiwa kilikuwa kimeshaamuliwa. Watu wengi wakisikia mkutano fulani "umeazimia" bado wanangoja kitu cha namna hiyo kitokee.

Azimio la Baraza la Madiwani ni dogo kuliko hilo, lakini nalo lina meno. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza, na ndiye mtendaji. Baraza likiazimia leo kwamba soko la kata fulani lijengewe choo, robo mwaka ijayo kwenye kipengele cha yatokanayo atasimama aeleze choo kimefikia wapi. Anaweza kujitetea kwa fedha, mvua au mkandarasi. Hawezi kusema hakuambiwa yeye.

Azimio la jumuiya halina mtu wa hivyo. ALAT haitungi sheria ndogo, haigawi ruzuku, haimchukulii hatua mkurugenzi wa halmashauri yoyote, na haiwezi kumwita waziri ajieleze. Ilicho nacho ni mambo mawili. La kwanza, inapozungumza inazungumza kwa niaba ya vyombo ambavyo Katiba yenyewe imevitaja katika ibara ya 145 na 146, kwamba vipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Sauti hiyo si rahisi kuitupa kapuni bila kuijibu. La pili, inaweza kuwaomba wanachama wake wenyewe wafanye jambo kwa pamoja, siku moja, kwa namna moja. Hili la pili linasahaulika mno. Nimesoma maazimio mengi ambamo kila mtu serikalini ametakiwa kufanya kitu isipokuwa wale waliokaa ukumbini.

Kwa hiyo azimio la jumuiya, kiutendaji, ni barua ya ombi yenye sahihi nyingi. Haina mtu wa kuisukuma kwa amri. Kazi yote inafanywa na maneno yaliyomo ndani yake: yanamwambia nani, afanye nini, kwa mamlaka gani, lini, na kwa nini aamini kwamba tatizo lipo.

Kwa kuwa

Umbo lake tunalijua kutokana na maazimio ya Bunge. Inaanza "Kwa kuwa", inafuata "Na kwa kuwa" mara moja au zaidi, halafu "Kwa hiyo basi". Wapo wanaoliona kama pambo la wanasheria. Si pambo. Kila "kwa kuwa" inabeba sababu moja, na kinachokuja baada ya "kwa hiyo basi" kinatakiwa kitokane na sababu hizo na si kingine. Ukiona ombi ambalo halina "kwa kuwa" inayolizaa, lilichomekwa dakika za mwisho. Ukiona "kwa kuwa" isiyozaa ombi lolote, kuna mtu alitaka jina la kata yake litajwe.

Kosa linaloongoza sehemu hii ni pongezi. "Kwa kuwa Serikali imefanya kazi kubwa na ya kupigiwa mfano katika sekta ya kilimo..." Pongezi zina mahali pake, nako ni hotuba ya ufunguzi, na huko huwa hazikosekani. Ndani ya azimio zinavuruga, kwa sababu afisa wa wizara anayelisoma anakutana kwanza na habari kwamba mambo yanaenda vizuri.

Kosa linalofuata ni maneno makubwa yasiyo na mahali wala kipimo: "wakulima wananyonyeka sana", "hali ni mbaya kupita kiasi". Huenda ni kweli kabisa, ila hayakaguliki. Turudi kwenye viazi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, imeshaweka ukomo wa kilo 100 kwa mazao ya shamba yanayofungashwa kwenye gunia. Lumbesa tayari ni kosa. Kwa hiyo azimio linaloitaka Serikali "ipige marufuku lumbesa" linaomba kitu ambacho kipo, na jibu lake litakuwa la mstari mmoja: imeshapigwa marufuku. Tatizo halisi liko kwingine. Shambani hakuna mizani, mkaguzi hayupo siku gari linapopakia, na wilaya ya jirani haisimamii.

Ushahidi wa hayo hauhitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kabla azimio halijaandikwa, afisa kilimo wa halmashauri achukue mizani iliyohakikiwa, aende masoko mawili matatu siku ya gulio, apime magunia kumi kumi, aandike uzito wa kila gunia, tarehe na jina la soko. Karatasi moja tu. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko hotuba ya nusu saa, na uzuri wake ni kwamba yeyote anayebisha anaweza kwenda kupima mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hiyo italifichua, nalo wenyeviti wa kamati za fedha watalipenda. Ushuru wa mazao kisheria ni asilimia ya thamani ya mzigo. Lakini pale getini, kijana mwenye mashine ya kukusanyia mapato akihesabu magunia tu, gunia la kilo 140 linalipa sawasawa na la kilo 100. Lumbesa inamuumiza mkulima, na inaipunja halmashauri papo hapo. Mkutano uliokuwa unaongea kwa huruma sasa unaongea kuhusu mapato yake, na hapo ndipo hata wale wa "upande wa pili" wanapoanza kusikiliza.

Sasa azimio linaweza kuandikwa. Huu ni mfano wangu, na nafasi zilizoachwa wazi ni za kujazwa na aliyepima, si na aliyekisia:

"KWA KUWA Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao ya shamba kuzidi kilo 100;

NA KWA KUWA magunia ya viazi yaliyopimwa katika masoko ya ........ na ........ tarehe ........ yalikuwa na wastani wa kilo ........;

NA KWA KUWA halmashauri inayosimamia sheria hiyo peke yake hukimbiwa na wanunuzi wanaohamia halmashauri jirani;

KWA HIYO BASI, Mkutano unaazimia kwamba:

(a) kila halmashauri mwanachama inayolima viazi itenge vituo vya kununulia vyenye mizani iliyohakikiwa kabla ya msimu wa mavuno ujao, na ushuru ukatwe kwa uzito uliopimwa badala ya idadi ya magunia;

(b) Wakala wa Vipimo uombwe kuhakiki mizani ya vituo hivyo na kuweka wakaguzi msimu wa mavuno;

(c) Katibu wa tawi awasilishe taarifa ya utekelezaji, halmashauri kwa halmashauri, katika mkutano wa kwanza baada ya msimu."

Hakuna "mara moja" humo, wala "kwa nguvu zote". Kipengele (a) kinawabana wenyewe waliokaa ukumbini, na ndicho cha kwanza kwa makusudi: Wakala wa Vipimo ukiuliza "na nyinyi mmefanya nini?", jibu liko mstari wa juu. Kipengele (c) kinaonekana kama cha kujazia nafasi tu, kumbe bila hicho viwili vya juu vitalala. Na kwa kuwa viazi havijui mpaka wa mkoa, matawi ya Mbeya, Njombe na Iringa inabidi yapitishe maneno yaleyale. Yakipitisha matatu yanayofanana kidogo, mnunuzi mjanja atakaa kwenye tofauti.

Kalamu iko kwa nani?

Hili ndilo fundo lenyewe, na ndilo linalowashinda hata madiwani wazoefu. Mambo ya halmashauri yameandikwa katika ngazi tofauti, na kila ngazi ina mwenye kalamu wake. Sheria ni ya Bunge. Kanuni ni za waziri. Waraka na mwongozo hutoka Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Sheria ndogo hutungwa na halmashauri yenyewe, zikaidhinishwa na waziri. Bajeti ina njia yake. Ukimwomba mtu abadilishe kilichoandikwa na mwingine, atakujibu kwa adabu kwamba amepokea.

Chukua huo ushuru wa mazao. Kiwango chake kimo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Mabadiliko hayo yalikuja na bajeti ya Serikali, kupitia Bunge. Halmashauri zinazoishi kwa mpunga, kama Mbarali na Kyela, zilihisi pengo hilo moja kwa moja. Lakini azimio linalomtaka Waziri wa TAMISEMI "arudishe kiwango cha zamani" limepotea njia; hata akikubaliana nalo, itabidi na yeye akaombe Wizara ya Fedha. Bora liandikwe kwa Wizara ya Fedha, nakala TAMISEMI, na lieleze pengo hilo kwa shilingi.

Au mikopo ya asilimia 10. Wajibu wa kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu uliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Utaratibu wenyewe, yaani kikundi kiweje, kinaomba vipi na kinarejesha vipi, uko kwenye kanuni. Mwaka 2023 Serikali iliposimamisha mikopo hiyo ili ipange upya namna ya kuitoa, haikuhitaji kwanza kwenda Bungeni kufuta kifungu. Kwa hiyo diwani wa Rungwe anayelalamika kwamba masharti ya kikundi ni magumu na mwenzake anayetaka asilimia 10 iwe 5 wanaonekana wanazungumzia jambo moja, lakini ombi la kwanza linakwenda kwa waziri na la pili linakwenda Bungeni. Wakiunganishwa katika azimio moja, yote mawili yanakwama kwenye lile gumu zaidi.

Barabara nazo. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara hizo. Wananchi wa Mufindi na Rungwe, ambao jani la chai likichelewa saa chache njiani limeharibika, bado wanamkaba diwani wao, na diwani bado anasimama barazani kumkaba mkurugenzi, ambaye hana greda wala fungu. Azimio zuri kuhusu barabara linaanza kwa kukubali hilo. Linamtaja meneja wa TARURA kama ombi ni la kipande fulani cha barabara. Likiwa ni la fedha, linautaja mgawanyo wa Mfuko wa Barabara, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa zile za wilaya. Hapo kalamu imehama tena.

Kodi ya majengo nitaipita haraka: ilihamia Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani mwananchi anaponunua umeme. Miji kama Iringa na Mbeya iliyokuwa inaitegemea ina haki ya kuidai, lakini "irudishwe" na "tupewe mgao wa asilimia kadhaa kila robo mwaka" ni madai mawili, na la pili lina nafasi kubwa zaidi ya kupita kwa sababu halimtaki aliyekwisha kufunga mitambo aing'oe.

Ukishindwa kumjua mwenye kalamu, usijifiche nyuma ya "mamlaka husika". Maneno hayo mawili ndiyo makaburi ya maazimio. Afadhali kikao kiahirishe hoja, mwanasheria wa halmashauri apewe siku mbili akatafute kifungu. Vivyo hivyo na vitenzi vya kukwepa: "iangalie uwezekano wa", "ione haja ya", "iendelee kuboresha". Serikali inaweza kuangalia uwezekano kuanzia asubuhi hadi jioni na ikaripoti, bila kusema uongo, kwamba azimio limetekelezwa. Vitenzi vinavyofaa ni vile ambavyo mtu anaweza kukaguliwa navyo: irekebishe, itenge, itoe, ifute, ichapishe, ipeleke.

Jambo la mmoja na jambo la wote

Siyo kila kero inastahili kupanda hadi Mkutano Mkuu. Choo cha soko, mtumishi aliyehamishwa, mgogoro wa shamba la kijiji: hayo yana vikao vyake. Kipimo ni kuuliza kama wanachama wengine wana jambo hilohilo hata kama hawalisemi kwa jina hilo.

Tunduma ni mfano mzuri. Foleni ya malori yanayokwenda Zambia inajulikana na kila aliyewahi kupita pale, na halmashauri ya mji ndiyo inayobeba taka, vyoo na msongamano wa watu wasio wakazi wake. Likiandikwa "foleni ya malori Tunduma", mjumbe kutoka Kagera anaendelea kusoma simu yake. Likiandikwa kuwa halmashauri zenye vituo vya mpakani zinatoa huduma kwa maelfu ya wapitaji ambao hawamo kwenye hesabu ya watu inayotumika kugawa ruzuku, yule wa Ngara mwenye Rusumo ananyanyua kichwa, wa Longido mwenye Namanga naye, na wa Kyela mwenye Kasumulu atakuwa wa kwanza kuunga mkono. Tatizo ni lilelile, halikuongezwa chumvi. Limetafutiwa ndugu zake tu.

Hoja za masilahi ya madiwani nazo zinahitaji mkono mwepesi. "Tuongezewe posho" ni sentensi ambayo gazeti linaipenda sana na mwananchi anaichukia. Wakati huohuo ni kweli kwamba halmashauri yenye mapato kiduchu inaweza kutumia sehemu kubwa ya mapato hayo kuwalipa wajumbe wake, na zahanati ikangoja. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ilianza kulipa posho za madiwani katika halmashauri zenye uwezo mdogo wa mapato. Anayetaka hatua nyingine ya namna hiyo aandike kuhusu zahanati inayongoja, kwa hesabu, na posho itaeleweka yenyewe.

Kutoka rasimu hadi ukumbini

Maazimio mengi mabovu huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kufunga mkutano, nyumba ya wageni, na afisa aliyechoka. Dawa yake ni rasimu kuanza mapema chini. Hoja izaliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ipite kamati ya kudumu ya halmashauri, ipigwe msasa barazani, iende tawi la mkoa, halafu ndipo ipande. Kila kituo kinapunguza kitu. Ikifika Mkutano Mkuu iwe imeshachapishwa kwenye kabrasha ambalo wajumbe wamelisoma nyumbani, si karatasi inayogawiwa huku mtoa hoja anaongea.

Katika jimbo la British Columbia, Kanada, jumuiya ya halmashauri iliyopo tangu 1905 ina mpango unaofanana na huo: kuna vyama vitano vya kanda ambako maazimio hupitishwa kwanza, na kamati maalumu inayoyachambua kabla ya mkutano, kuyaunganisha yanayofanana na kubainisha yale ambayo tayari ni msimamo wa jumuiya ili muda usipotee kuyajadili upya. Mkutano ukiisha, maazimio yanapelekwa serikali ya jimbo, nayo inajibu kwa maandishi, na majibu yanachapishwa kila mtu ayaone. Sisi matawi tunayo. Ninachokitamani kwao ni hicho cha mwisho.

Ukumbini, jambo linaloharibu rasimu nzuri ni marekebisho ya huruma. Azimio la viazi limefika, Mheshimiwa wa Chunya anaomba liongezewe tumbaku, wa Kyela anataka kakao, wa Mbozi kahawa, na kwa sababu hakuna anayetaka kumvunja moyo mwenzake, yote yanaingia. Limekuwa azimio la "mazao yote ya kimkakati", kilo 100 haimo tena, na Wakala wa Vipimo umegeuka "mamlaka husika". Mwenyekiti anayejua kazi yake atasema, Mheshimiwa, hoja yako ni nzito, naomba uilete kama azimio linalojitegemea. Kahawa na kakao zina njia zao za kuuzwa, zina vyama vya ushirika, na zina wenye kalamu wengine kabisa.

Kuna suala la wakati pia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwongozo wa maandalizi ya bajeti hutoka miezi kadhaa nyuma, halmashauri hukamilisha makisio yake mwanzoni mwa mwaka, Bunge la bajeti huanza Aprili, na Juni Muswada wa Sheria ya Fedha unapitishwa. Azimio la kodi linalopita Mei, hata liwe limeandikwa kwa wino wa dhahabu, limechelewa kwa mwaka mzima, kwa sababu mapendekezo ya kodi yameshapangwa. Lile la viazi halina kalenda hiyo hata kidogo; linafuata mavuno. Rasimu ya kila azimio iwe na tarehe inayotokana na jambo lenyewe, si tarehe ya mkutano.

Mwisho ni ufuatiliaji, ambao kwa kawaida unaishia kwenye jedwali lenye safu ya "hatua iliyofikiwa", na ndani ya safu hiyo maneno "linaendelea kushughulikiwa". Sekretarieti isikubali kuandika hivyo. Iandike barua ilipelekwa lini, kwa nani, ikajibiwa lini na kwa maneno gani. Kama haikujibiwa, iandike haikujibiwa. Kila baada ya miaka mitano mabaraza huvunjwa kupisha uchaguzi mkuu, wenyeviti na mameya wengi hubadilika, na wapya huanza kuazimia yaleyale kwa sababu hakuna aliyewaonyesha faili. Tawi la mkoa linaweza kuwakabidhi madiwani wapya orodha hiyo kwenye kikao chao cha kwanza, pamoja na nakala za barua, ili mheshimiwa anayetaka kusimama kuhusu lumbesa ajue kwanza kwamba Wakala wa Vipimo ulijibu nini mara ya mwisho, na ni halmashauri ipi kati ya wanachama ambayo mpaka leo haijanunua mizani.